Namuuguza mama, ndugu wananipa pole, kausha damu anataka cherehani

Shikamoo shangazi,

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38, naishi Tanga mjini na mama yangu mzazi mwenye miaka 67. Mwaka jana mwezi wa nne mama alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Akili anazo timamu, anaongea ingawa maneno yanavuta, ila hasimami bila kushikwa na mkojo haumpi nafasi. Tumezaliwa wanne. Kaka mkubwa ni mwalimu wa serikali Dar, mdogo wangu wa kike yuko Muscat anafanya kazi za ndani, kitindamimba yuko Mwanza anabangaiza. Kwa kuwa mimi sina mume wala ajira, ikaonekana tu kwamba kazi ni yangu. Hakuna aliyekaa kikao.

Nilikuwa na fremu, nikipata faida ya 9,000 hadi 12,000 kwa siku. Niliifunga mwezi wa sita. Sasa kwa mwezi natumia hivi: nepi za watu wazima nne kwa siku, 1,500 kila moja, jumla 180,000. Dawa 45,000. Chakula cha mama, uji wa lishe na maziwa 90,000. Bajaji kwenda kliniki na mazoezi 24,000. Sabuni na maji 30,000. Kaka anatuma 50,000 akikumbuka. Wa Muscat anatuma 100,000 kila baada ya miezi miwili. Wa Mwanza "akipata". Tuliwahi kuulizia mtu wa kumhudumia mama, akataka 150,000 na chakula, ndugu wakasema ni ghali mno.

Nilikopa mkopo wa riba kubwa tunaouita kausha damu, 300,000, narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Nimelipa siku 18, nikakwama. Dhamana ni cherehani. Kijana wao anakuja kila jioni kukaa barazani. Kuna mwingine yuko tayari kunikopesha nimalizie hili deni. Na nikiri jambo moja: dawa ya presha nampa mama siku moja, naruka siku moja, ili zifike mwisho wa mwezi.

Nikisema kwenye grupu la familia, kaka anaandika "pole sana mdogo wangu, Mungu atakulipa", wa Muscat anaweka vile viganja viwili. Mama ana minazi kama 40 Pangani, mjomba ndiye anayesimamia kuangua, ila kinachopatikana hakijulikani, mara moja moja analeta nazi kumi za kupikia.

Niuze cherehani nilipe deni yaishe?

Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Cherehani usiuze, na huo mkopo wa pili usiuchukue. Nitaeleza. Lakini kabla ya deni, tuanze na kidonge.

Dawa nyingi za presha za kumeza mara moja kwa siku zimepimwa zifanye kazi kwa takriban saa 24. Ukiruka siku, presha inapanda na mgonjwa hasikii chochote, haina maumivu ya kukushtua. Mtu aliyekwisha kupata kiharusi ndiye aliye karibu zaidi na kiharusi cha pili, na cha pili ndicho kinachomlaza mtu moja kwa moja. Hapo gharama yako ya 369,000 kwa mwezi utaikumbuka kama nafuu. Leo hii rudi kwenye dozi kama ilivyoandikwa, wala usimpe viwili kufidia cha jana. Kliniki ijayo mwambie daktari ukweli kwamba ulikuwa unaruka, maana asipojua ataona presha iko juu, atadhani dawa haifanyi kazi na atakuongezea nyingine ya kununua. Mwombe pia aandike jina la dawa lenyewe, si la kampuni. Dawa ileile ya kiwanda kimoja inaweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya kiwanda kingine. Na mama akishatulia, uliza kama anaweza kuandikiwa dawa za miezi miwili kwa mkupuo, bajaji ipungue nusu.

Kinachonishangaza ni kwamba mama ana miaka 67 na mnalipia kila kitu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni wa miaka 60 na kuendelea, na mzee asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Haiji yenyewe lakini. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, wakupe barua inayomtambulisha mama na hali yake. Barua hiyo, kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura na picha mbili za pasipoti unavipeleka kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, umwombe kitambulisho cha matibabu cha mzee. Mama hana haja ya kubebwa hadi ofisini. Peleka cheti cha hospitali, omba ofisa aje nyumbani. Ukiwa hospitalini kabla hujakipata, nenda dirisha la ustawi wa jamii uombe msamaha wa malipo kabla ya kulipa. Ukishalipa, kurudishiwa ni ndoto. Uliza vilevile kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, kama kaya yenu inaweza kuorodheshwa miongoni mwa wasio na uwezo.

Ila kitambulisho kina tundu lake: kumwona daktari ni bure, dawa dirishani utaambiwa hamna. Hapo ndipo anapoingia kaka yako. Mtumishi wa serikali aliye kwenye NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anaruhusiwa kuandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, na mzazi anahesabika humo. Muulize nafasi zake zimejaa nani. Kama ana watoto watatu tu, mama aingie kesho. Kama kuna kijana aliyekwisha kuvuka umri wa utegemezi, nafasi yake iko wazi na huenda kaka hajatazama. Atahitaji cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa, chenye jina la mama, pamoja na kitambulisho na picha ya mama. Kwake ni safari moja ya ofisini, wala haongezi makato kwenye mshahara. Kwako ni dawa kutolewa kwenye maduka yenye mkataba na mfuko huo. Katika yote utakayomwomba kaka, hili liwe la kwanza, kwa sababu hana pa kusema "sina hela".

Sasa nepi, maana ndizo zinazokula nusu ya bajeti yako. Nne kwa siku ni nyingi kwa mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema "nataka kujisaidia". Mara nyingi mkojo wa mgonjwa wa kiharusi hauponyoki kwa sababu kibofu kimekufa, bali kwa sababu anachelewa kufika. Mpangie ratiba: akiamka, robo saa hadi nusu saa baada ya kila mlo (tumbo hufanya kazi likishapokea chakula), halafu kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na kabla ya kulala. Usimsubiri aombe, mkalishe. Kwa siku tatu za kwanza andika saa anazolowa, utaona zinajirudia, na ratiba unaisogeza iwe nusu saa kabla ya hapo. Usimnyime maji ili asikojoe. Mkojo mzito huleta maambukizi na choo kigumu, na vyote viwili humfanya ajilowanishe zaidi. Maji mengi anywe mchana, jioni baada ya saa 12 upunguze.

Kiti cha choo tengenezewa na seremala, cha mbao, chenye mikono miwili na tundu, ndoo inakaa chini. Watu hukata tundu kwenye kiti cha plastiki kwa sababu ni rahisi. Kinapasuka mbele siku mgonjwa anapoegemea, na nyonga ikivunjika katika umri huo ni balaa jingine. Kiti kikae upande wake wa kushoto, wenye nguvu, aelekee huko wakati wa kuhama kutoka kitandani. Mkono wa kulia usiuvute kamwe, bega lililolegea hutoka mahali pake. Wewe piga magoti kidogo, mgongo unyooke, mshike kiunoni kwa kanga iliyofungwa imara. Mgongo wako ukiumia, nani atamnyanyua?

Ukifuata hivyo kwa wiki mbili au tatu, nepi zibaki mbili: moja ya usiku, moja ya safari au ya siku mbaya. Mchana akiwa kitandani weka makintoshi (shuka la mpira) juu ya godoro, kisha kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne. Asilalie makintoshi tupu, jasho linachubua ngozi. Nepi mbili pungufu ni 3,000 kwa siku. Ikumbuke hiyo 3,000, tutaihitaji.

Na mgeuze kila saa mbili mchana. Kwa ngozi yetu nyeusi kidonda cha mgandamizo hakianzi na wekundu unaouona, kinaanza na doa jeusi zaidi, lenye joto au gumu ukiligusa, juu ya mfupa wa mkia, kisigino au nyonga. Ukiliona, asilalie upande huo tena mpaka liishe. Kidonda kikifunguka ni kusafisha na kufunga kila siku kwa miezi. Akikohoa anapokunywa, uji uwe mzito, akae wima, na abaki wima nusu saa baada ya kula, la sivyo chakula hushuka kwenye mapafu.

Kausha damu. Ulikopa 300,000, unatakiwa kurudisha 390,000 ndani ya mwezi. Hiyo ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Wakopeshaji wa aina hii, wasiopokea amana, wako daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wako hiyo ni 10,500. Umekwisha kulipa 234,000. Kwa hesabu ya kisheria limebaki 76,500, kwa hesabu yao 156,000.

Usiwafuate ofisini peke yako wala usibishane na yule kijana barazani, yeye ametumwa. Omba kwa maandishi nakala ya mkataba na namba ya leseni. Halafu keti nao mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ukiwa na orodha ya siku zote 18 ulizolipa, na uwaambie utalipa 3,000 kwa siku. Ndiyo ile 3,000 ya nepi. Kwa hesabu ya kisheria utamaliza kwa siku 26. Hata wakikataa kushusha kitu, ni siku 52, bila riba mpya kuongezeka juu yake, na hilo liandikwe. Watatafuta kukuwekea "faini" na "ada ya ufuatiliaji", hapo ndipo usimame kidete. Lipa kwa simu, ujumbe ubaki, usimpe kijana hela mkononi. Mkopeshaji asiye na leseni huwa hapendi kukaa mbele ya mwenyekiti, na kutokupenda kwake ndiyo nguvu yako. Cherehani isitoke ndani bila karatasi ya mamlaka inayohusika. Wakija na bodaboda na kamba, piga simu kwa mwenyekiti.

Huyo wa pili anayetaka "kukumalizia deni" atakukopesha 156,000 urudishe zaidi ya laki mbili, basi. Mikopo ya kwenye simu nayo iache: Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali, na dhamana yao ni majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ipo, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ambayo wanawake wametengewa nne kati yake, lakini ni ya vikundi vyenye biashara na inachukua muda. Fikiria hiyo mwakani. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kaya huingizwa kwa awamu kupitia mkutano wa mtaa. Jiandikishe ukisikia, usipange bajeti juu yake.

Tuje kwa ndugu. Siamini kwamba hawampendi mama. Wanachokiona kwenye grupu ni malalamiko, na malalamiko hujibiwa kwa pole. Hawajaona hesabu. Nunua daftari, kwa siku 30 andika safu mbili: hela iliyotoka na saa zilizotumika. Hivi:

"Jumanne. Saa 10 usiku nimemgeuza, shuka limelowa, nimebadilisha, dakika 25. Saa 12 kumsafisha na kumvalisha, dakika 40. Saa 1 uji kwa kijiko, dakika 35. Saa 2 mazoezi ya mkono na mguu, dakika 20. Saa 2 na nusu kufua. Sabuni 1,500."

Ukijumlisha wiki moja ya safu ya pili, kaka yako ambaye anajua vipindi vyake vya darasani kwa dakika hatahitaji maelezo. Usiandike manung'uniko humo, saa tu na shilingi.

Kikao kiitishwe na mtu wa kumheshimu, si wewe. Mjomba hapana, yeye ana lake. Baba mdogo au shangazi yenu, mpe yeye kazi ya kuitisha, aone hesabu kwa macho yake. Kifanyike kwa simu ya video, mama akiwepo na akisikia, kwa kuwa ni maisha yake na akili anazo. Usiombe "mchango". Mchango hauna tarehe wala mwisho. Kila mmoja apewe kitu chake, kikiisha ijulikane cha nani kimeisha.

Bajeti mpya: nepi 90,000, dawa 45,000 mpaka bima ikubali, chakula 90,000, usafiri 12,000, sabuni na maji 35,000 kwa sababu utafua zaidi. Hiyo ni 272,000. Ongeza posho yako ya 150,000, bei ileile waliyoiita ghali kwa mtu wa nje, inakuwa 422,000. Kaka nepi na dawa, 135,000. Wa Muscat chakula na 60,000 ya posho, jumla 150,000. Naye ni mtumishi wa ndani, usimgeuze benki, asiongezewe juu ya hapo. Wa Mwanza usafiri na sabuni, 47,000, na kama biashara yake ni ya kuyumba atume 12,000 kila Jumamosi badala ya kusubiri mwisho wa mwezi ambao haufiki. Inabaki 90,000, ya minazi na cherehani. Wakishusha, kubali, mradi tarehe isiyumbe. Elfu themanini ya tarehe 28 kila mwezi inapangika. Laki mbili ya "nitaangalia" haipangiki.

Posho usiione haya. Utaambiwa unadai mshahara kwa mama yako. Jibu kwamba hiyo ni nauli ya wewe kubaki hapo, ulifunga fremu iliyokuwa inakulisha. Na daftari liendelee, uwapigie picha ukurasa kila mwisho wa mwezi, ili kesho asitokee wa kusema ulikuwa unakula hela za mgonjwa. Hilo husemwa, tena baada ya mazishi.

Minazi ni mali ya mama, na hela ya mama ndiyo ya kwanza kumtunza mama. Minazi huanguliwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Hata ikitoa nazi kumi tu kwa mti, 40 ni nazi 400 kwa mkupuo. Usiende Pangani na shutuma. Kaka ana likizo Juni na Desemba; aende siku ya kuangua, ahesabu na mkwezi chini ya minazi, na akae na mjomba wapatane fungu lake la usimamizi baada ya mkwezi kulipwa, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mjomba amelinda shamba hilo miaka yote, fungu anastahili. Kuuza shamba likitajwa, jibu ni la mama mwenyewe na ninyi wote wanne mkiwepo.

Likizo hiyohiyo ya kaka ni yako pia. Wiki moja Juni, wiki moja Desemba, alale nyumbani kwa mama, amgeuze yeye. Mfundishe siku mbili kabla hujaondoka.

Cherehani iingie ndani, ikae chumba cha mama au ukumbini anapokuona. Chukua kazi zisizo na tarehe ya mwisho inayobana: kupunguza, pindo, mashuka, mapazia, foronya, sare za shule kuanzia Novemba. Nguo za harusi na vijora vya shughuli vikatae kwa sasa, mteja wa Ijumaa hajui kwamba mama kaharisha Alhamisi. Una saa mbili mama akilala baada ya chakula cha mchana, na saa moja moja hapa na pale. Kwa kuanzia lenga 3,000 kwa siku.

Ujumbe wa grupu naomba uutume leo, kabla hata ya daftari kujaa, bila neno la ziada:

"Asalaam aleikum. Mama anaendelea vizuri. Kaka, naomba uangalie nafasi za wategemezi kwenye bima yako, mama anahitaji kuingia, unijibu kufikia Ijumaa. Kikao kitakuwa Jumapili tarehe 1 saa 2 usiku kwa video, baba mdogo ataongoza. Nitatuma hesabu ya mwezi siku mbili kabla."

Akijibu pole, muulize tena: nafasi ziko ngapi?